Magari Mawili Yanayokaribiana

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, darasa la nane linanuka sweta mbichi.

Bado nausikia mfuniko wa dawati la Kwamboka. Aliufunga kwa kishindo nilipomaliza kuandika ubaoni: lori linatoka mji A, basi linatoka mji B, yanakaribiana. Yatakutana baada ya muda gani?

Baba yake alifia ndani ya basi. Muhula uliopita liligongana na lori la majani chai mteremkoni, na tangu siku hiyo Kwamboka hajafanya hesabu hata moja.

Swali la namna hii nimelikwepa wiki nyingi. Mtihani hautalikwepa.

Nikafuta magari, nikaweka watu. Mama anatembea kutoka Sironga, baba mkwe wake anatoka Ekerenyo, njia ni moja. Darasa zima likaangua kicheko.

"Hawatakutana, Mwalimu!" Ondieki alisema. "Huyo mama akimwona mzee ataingia kwenye shamba la chai!"

"Na mzee ataruka mtaro!" mwingine akadakia.

Kweli. Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe ana kwa ana. Lazima mmoja aache njia. Miaka yote ya chuo, na hilo sikulifikiria. Nikacheka nao.

Kwamboka hakucheka. Aliuliza polepole, "Mwalimu, mbona lile lori halikumpisha baba?"

Nikafuta ubao.

Mchana mwalimu mkuu aliniita. "Mwache msichana akae nyumbani, atulie. Atafanya mtihani mwakani. Sasa hivi ataanguka tu."

Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililonitisha. Msichana wa hapa akiambiwa akae nyumbani, mwakani huwa mke wa mtu. Ami zake wameshaanza kutaja ng'ombe wa mahari.

Ninaogopa kwamba simfundishi, ninamtonesha kidonda. Je, nina haki?

Sikungoja jibu. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba jina la Kwamboka halitoki kwenye orodha ya watahiniwa. Masomo yalipoisha nikapanda kwa mama yake. Alinisikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na blanketi la Kwamboka, limekunjwa.

Kwamboka atakaa kwangu mpaka mtihani. Jioni hii, tukimenya ndizi, tumeanza upya: gari moja tu, barabara tupu.