Miba ya Furu

Mjukuu wangu Nyangeta,

Shikamoo yako imefika. Mimi mzima, bado nabeba magunia ya dagaa pale mwaloni Mwigobero. Mama yako mdogo kajifungua wa kiume.

Umeuliza kama wewe Mjita kweli, maana umekulia Dodoma, na msibani kwa bibi yako binamu zako walikucheka hujui Kijita.

Mimi nilizaliwa Kiriba, nikalelewa Butiama kwa shangazi, mbali na ziwa, nachunga ng'ombe. Nilipokuwa kijana nikarudi Kiriba kuomba shamba la marehemu baba. Ndugu zake wakaniwekea furu, samaki wadogo wenye miba mingi. Nikatafuna kama nyama. Mwiba ukanikaba.

Baba mkubwa akacheka. "Huyu mtoto wa ndugu yangu? Mjita gani anakabwa na furu? Shamba hapati!"

Mama yake, bibi yangu mimi, akamkatiza. "Wewe miba nani alikuchambulia? Si mimi? Na huyu alichambuliwa na nani?" Akanivuta kwenye sahani yake, akanionyesha kwa vidole. Shamba nikapewa.

Na wewe hukuonyeshwa tu. Kosa langu. Nilikuwaga nakuja Dodoma naongea Kiswahili tu. Nipigie Jumapili tuongee Kijita. Ukikosea sicheki.

Mkono umechoka.

Babu yako