Seli za Limi ni Zetu Sote Wawili

Jumapili, Kagongwa. Jua kali, upepo wa vumbi, na mimi bado nina hasira. Naandika kabla haijapoa.

Jana tulikuwa Samuye kwa wakwe zangu. Binti yangu Limi ana ugonjwa wa seli mundu. Hivi karibuni maumivu yalimshika miguu hata akashindwa kusimama, akalazwa, akapata nafuu, tukarudi nyumbani. Mama mkwe akatuita. Nilidhani anataka kumwona mjukuu wake. Kumbe alikuwa ameshamwita mganga aje kumchanja chale.

"Ugonjwa huu kwetu haupo," alisema mbele ya ukoo mzima pale uani. "Umeletwa."

Hakutaja jina langu. Hakuwa na haja. Wote pale ni kabila moja; Msumbwa ni mimi peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha kidato cha kwanza, na sasa nasoma jioni na watu wazima wenzangu. Muhula huu mwalimu wa baiolojia alitufundisha seli. Alichora duara kubwa ubaoni. Nje utando, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani ute, ambamo kazi nyingi za seli zinafanyika. Mitokondria, zinazotoa nguvu kwenye chakula tunachokula. Halafu kiini, kinachotunza vinasaba, yaani maelekezo ya kuujenga mwili: nusu ya baba, nusu ya mama.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na seli za mtoto mwenye seli mundu zikoje?"

Akaweka chaki chini, akanieleza taratibu. Seli nyekundu ya damu ikikomaa haina kiini. Imekiondoa ili ipate nafasi ya kubeba oksijeni. Lakini imezaliwa kwenye uboho wa mifupa, kutoka kwa seli yenye kiini, na maelekezo yake yametoka humo. Mtoto akirithi kasoro ileile kwa baba na kwa mama, seli zake zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Ndiyo maumivu yenyewe.

Kwa baba na kwa mama.

Nilitoka darasani nikilia, na haikuwa huzuni. Ndiyo maana Limi alipolazwa niliomba tupimwe sote, mimi na mume wangu. Majibu yakatoka: kila mmoja wetu ana kasoro moja, na wala hatuumwi. Mume wangu akaniomba nisiwaambie kwao. Nikakubali.

Jana, mganga alipotoa wembe kwenye mfuko wake, nilimvuta Limi nikampakata.

"Mayu," nikamwambia mama mkwe, nikimwita mama kwa lugha yao, "naomba unisamehe. Mwanangu hachanjwi."

"Unanijibu mimi?"

"Nakuheshimu, mayu. Lakini hachanjwi. Hiki kitu kiko ndani ya seli zake tangu tumboni. Nusu nimempa mimi, nusu kampa mwanao. Wembe haufiki huko."

"Mwanangu ni mzima! Hayo masomo yamekupa kiburi."

Sikuinama. Nikamgeukia mume wangu. "Baba Limi, sema."

Alitazama viatu vyake. Nilifikiri ataniacha peke yangu.

"Mama," akasema mwishowe, "nilipima. Majibu yangu ni sawa na yake."

Mama mkwe aliingia ndani, akafunga mlango. Mganga akakusanya vitu vyake. Tuliondoka bila kuagwa, na hilo linaniuma, kwa sababu yule mama ndiye aliyenikanda nilipojifungua. Anampenda Limi. Anaogopa tu, kama ninavyoogopa mimi. Lakini woga wake hautamkata mwanangu.

Leo asubuhi mume wangu ndiye aliyempa Limi kidonge chake, akamsimamia mpaka akamaliza maji yote kikombeni. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, hicho kiini kinafananaje.

Nikamchorea.

Wapo watakaosema nimemvunjia heshima mama wa watu. Waseme. Nitarudi Samuye, nitapiga goti nimwamkie kama siku zote. Na akiuliza tena nani kauleta ugonjwa huu, nitamjibu vilevile, kwa sauti ileile.

Sasa naweka kalamu chini. Kesho Limi ana kliniki, mimi nina kipindi cha jioni, na hakuna hata kimoja tutakachokosa.