Maua ya Mama Yanayoinama

Jumapili jioni, Maisaka

Siku tatu nimehangaika na ua moja. Nililichora kwenye kompyuta kutoka kwenye kitambaa cha kochi alichodarizi Mama, ili tuchapishe vitenge vya misa ya kumbukumbu yake. Lakini kila nilipopanga mraba wa mchoro ujirudie kitambaa kizima, mstari mweupe ulijitokeza kwenye maungio ya miraba.

Leo nimeona kosa. Ua linalokatwa na ukingo wa kushoto lazima linakiliwe na kusogezwa kulia kwa upana uleule wa mraba. Mimi nilikuwa nakisia kwa macho. Nikaandika namba yenyewe, mstari ukapotea. Kisha nikachagua maua yote, nikayapanga kwa amri moja, yakanyooka kama askari.

Nikamwita mama mkubwa, dada yake Mama, aje aone. Aliyafuata kwa kidole kwenye kioo.

"Ni mazuri, mwanangu. Ila ya mama yako yaliinama kidogo kulia."

"Niliona, nikadhani alikosea."

"Hakukosea. Alidarizi huku amekubeba mgongoni. Ulikuwa hukubali kulazwa chini, na kila ukijigeuza, mkono wake ulienda pembeni."

Sikuwahi kuambiwa hilo.

Alipoondoka nikainamisha kila ua kidogo, pamoja na nakala zake za ukingoni. Maungio hayakuachia. Sasa yanafanana na ya Mama, na nimeshindwa kuzima kompyuta.

Natamani ningemuuliza kama nilikuwa mzito.