Damu ya Mdogo Wangu kwa Jina Langu

Mpendwa mshauri Bi Sitara,

Shikamoo. Nasoma majibu yako gazetini tangu nikiwa sekondari na sikufikiria kwamba siku moja nitakuwa mimi wa kukuandikia, lakini leo naomba msaada wako kabla akili hazijaniruka, maana nyumbani kila mtu anashangilia isipokuwa mimi na mdogo wangu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, wazazi wangu walitoka Masasi zamani, tumepanga hapa Kariakoo, na nafanya kazi kwenye duka la dawa kule Mchafukoge nikimsaidia mfamasia wetu, Mzee Mbaruku. Kazi hii naipenda hata Jumapili naikumbuka, basi nikaomba kwenda kusomea ufamasia, Mzee Mbaruku akanipendekeza, tawi la Chama likanipitisha, na kwa kuwa Mungu si Athumani nikapata nafasi mbili kwa mpigo: moja Chuo Kikuu hapa hapa, pale Muhimbili, na nyingine ya serikali ya kwenda Sofia, Bulgaria. Wizara inataka nichague moja nijibu upesi.

Mtu akisikia hivyo atasema huyu ana shida gani, si achague tu. Mshauri, mimi ni mgonjwa. Nina ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, ule ambao madaktari wanauita siko seli. Kaka yangu Filbert alikuwa nao, akafa akiwa bado shule ya msingi, mimi nikiwa nimemshika mguu kwa sababu alisema ukishikwa unapungua uchungu. Masika yaliyopita nilinyeshewa nikitoka kazini, na kutoka Mchafukoge mpaka Kariakoo unajua si mbali, lakini nilifika nyumbani natetemeka na kabla ya magharibi miguu na mgongo vilikuwa kama vinatwangwa kwenye kinu, nikalala karibu wiki nzima, dukani tukapeleka habari kwamba ni malaria. Sasa kama mvua ya Dar es Salaam inanilaza hivyo, hiyo theluji ya Ulaya itanifanyaje?

Lakini baba yangu, Mzee Bakili, anayepakua mizigo bandarini, ameshawatangazia wenzake wote kwamba mwanawe anakwenda Ulaya. Nilipojaribu kumwambia naogopa baridi alinishika bega akasema, "Kule ndiko waliko madaktari. Watakusafisha damu, utarudi mzima na digrii juu." Alisema kwa furaha mpaka nikashindwa kuendelea. Mama naye amechukua blanketi letu la pekee amempelekea fundi wa Mtaa wa Kongo akalikata koti, na nilipolijaribu majirani walipiga vigelegele, mimi ndani ya lile koti jasho likinitoka na meno yakigongana.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Kabla ya safari lazima nipimwe afya, na daktari atachukua damu. Juzi mama alinifungia mlango wa chumbani akasema, "Kupimwa atakwenda Mektilda."

"Mektilda aende kupimwa nini, mama?"

"Mnafanana kama shilingi kwa ya pili. Mwenzio mzima. Atatoa damu, atasema yeye ndiye Klara, yaishe."

Mektilda ndiye mdogo wangu, ana miaka kumi na saba. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, akauliza polepole, "Mama, halafu mimi nikija kupimwa, nitakuwa nani?"

Mama akamkemea, akasema hatujui maisha, kwamba ugonjwa ukijulikana watanifuta Sofia na Muhimbili pia, na hakuna mwanamume atakayetia mguu nyumbani kwetu kutuposa, wala mimi wala yeye. Kisha akalia. Mama yangu si mtu wa kulia, Bi Sitara, hata alipomzika Filbert watu walimsema kwa kuwa hakulia.

Siku ya kupimwa imekaribia. Mektilda ameanza kujizoeza kuandika jina langu, nimemkuta akilichora kwa kidole kwenye vumbi la uani. Nikisema kweli naogopa nitapoteza vyote viwili na kumvunja baba. Nikinyamaza naogopa kufia ugenini kwenye kitanda cha bweni nisiweze hata kuomba maji kwa lugha yao. Nichague chuo kipi, na nitasemaje?

Ni mimi,
Klara, Kariakoo


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Pole. Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umeniuliza habari ya chuo na nitakujibu, ila kwanza nitakugombeza, kwa sababu unastahili na naona nyumbani kwenu hakuna aliyejitolea kuifanya kazi hiyo.

Hivi unataka kusomea kazi gani? Kazi ambayo hatari yake kubwa ni chupa yenye jina lisilo lake. Na wewe unataka kuianza kwa kujibandika mwenyewe damu isiyo yako! Hebu fikiri. Umefika Sofia, baridi imekupiga, umeanguka. Daktari anafungua faili lako na anachosoma mle ni damu ya Mektilda. Anaona msichana mzima. Atasema unadeka, umekumbuka kwenu. Nani atamsahihisha? Mama yako yuko Kariakoo.

Na huyo Mektilda mwacheni. Kauliza swali la mtu mzima, akajibiwa kwa kukemewa. Halafu mna hakika gani kwamba ni mzima? Mmewahi kumpima, au mmemtazama tu mkaona ana mashavu? Ugonjwa wa kuzaliwa nao haubishi hodi kwa mtoto mmoja tu. Anaweza asiugue yeye na bado akawapa wanawe. Methali ya mficha maradhi mliisoma wote shuleni, sina haja ya kuirudia.

Mama yako simlaumu sana. Aliyezika mtoto asilie, machozi yake yapo mahali, na hayo uliyoyaona juzi ndiyo yale. Baba yako naye hana ubaya, ana tumaini. Lakini mwambie nimemuuliza daktari ninayemwamini: hata huko Ulaya, dawa ya kuufuta ugonjwa huu hawajaipata. Wanautuliza, kama hapa.

Basi, chuo. Chagua Muhimbili. Sofia sina neno nayo, waende wenye mifupa inayoistahimili. Wewe pale Muhimbili utasoma hatua chache tu kutoka wodini, kwa madaktari ambao ukisema "mgongo, mgongo" watajua umeanza nini, na hutapoteza mwaka wa kwanza kujifunza lugha ya kuombea maji. Mfamasia ni mfamasia. Wagonjwa watakaokuja dirishani kwako watakuwa na malaria, minyoo na damu kama yako, na hayo yote yako hapa.

Kesho asubuhi, wewe na mama yako, nendeni hospitali. Usimtume mtu. Mwambie daktari kwa mdomo wako: nina ugonjwa huu, kaka yangu ulimuua, nataka kusoma. Mwombe aandike wazi kama unaweza kusoma hapa ukiwa chini ya uangalizi. Kisha mweleze Mzee Mbaruku, akusindikize Wizarani; aliyekupendekeza asije akasikia mambo yako mitaani. Baba yako mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaenda kazini, na usilie mbele yake mpaka umalize.

Unauliza watakufuta na hapa? Sijui, mwanangu, na sitakudanganya. Huenda wakakufuta. Utalia, halafu utanyamaza, halafu tutatafuta njia nyingine. Ukifa hatuna la kutafuta.

Bi Sitara


Wasomaji wangu, jibu hilo nililituma kwanza kwa posta, kwa kuwa lisingeweza kungoja gazeti. Klara ameniandikia tena, na ameomba barua zote zichapishwe kwa majina halisi ya watu wa nyumbani kwao. Hivi ndivyo anavyosema:

"Bi Sitara, nilikwenda. Mama alikataa kuvuka mlango wa daktari, akabaki kwenye benchi nje, lakini nilipoulizwa kaka alikufaje nikashikwa na kigugumizi, ndipo nikasikia sauti yake mlangoni ikijibu badala yangu, mwanzo mpaka mwisho. Daktari hakutugombeza. Alisema baridi ile ingeniua, akaniandikia kwamba hapa naweza kusoma nikihudhuria kliniki. Muhimbili walinijadili wakaniweka roho juu, mwishowe wakanipokea. Nafasi ya Sofia kapewa kijana mmoja wa Magomeni, Seifu, na siku aliyoondoka nililia, sikuwa nimejua kwamba bado naitaka.

"Baba nilimwambia asubuhi, kabla hajatoka. Alivaa viatu akaenda kazini, na siku nyingi baada ya hapo alikuwa akinisalimu tu. Niliogopa hilo kuliko ugonjwa. Jana nikampelekea chakula getini bandarini, amekaa na wenzake kivulini. Mmoja akauliza, 'Bakili, huyu si ndiye wa Ulaya? Mbona bado yupo?'

"Nikatazama chini. Baba akafunua bakuli, akalitazama, akasema, 'Haendi. Ana siko seli. Kaka yake alikufa nayo. Anasomea dawa hapa hapa, Muhimbili, na kliniki anahudhuria huko huko.'

"Kisha mzee mmoja, mpakiaji mwenzake aitwaye Mrisho, akasogea karibu yangu, akanong'ona kama mtu anayeuliza jambo la aibu, 'Mjukuu wangu analia mifupa kila mvua ikinyesha. Hiyo kliniki ni siku gani?'

"Nikamwambia ni Alhamisi, nikamwambia nitakuwapo mlangoni."