Mkate wa Shuhrat

Samarkandi, Jumapili, 9 Juni. Asubuhi kavu, upepo mdogo wa baridi kutoka milimani, kisha jua kali mapema.

Kwa Dada yangu mpendwa Robiya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mkwe wangu Mavluda. Natumaini hujambo, kile kikohozi kimekuacha, na huko Urgut miaprikoti imezaa vizuri. Sisi tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo unayafahamu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na safari hii nataka nimalize.

Leo nimempeleka Mavluda kwenye bustani ya zamani, ile yenye michinari, miti mikubwa ya kivuli, akaonane na mwanamume.

Usiiweke barua chini, Dada. Najua unavyosema: kwamba Shuhrat ni kijana, utoto utamwisha, atarudi, na mkwe mwema hukaa akangoja. Lakini mwanangu ana mke mwingine Urusi, na mtoto. Talaka aliitoa kwa simu, mahakama ikaithibitisha mwaka jana, na tangu hapo hajauliza hata kama Mavluda anakula. Huku binti wa watu bado anaamka kabla yangu kufagia ua. Nilipomweleza habari za mwanamume huyu, aliniuliza, "Mama, nikiondoka nani atakukanda magoti?" Nikamjibu kwamba magoti haya niliyatumia kabla yeye hajazaliwa, asiyafanye kisingizio. Akacheka, kisha akaenda kupiga pasi gauni lake la bluu.

Mwanamume anaitwa Ergash, dereva wa tramu, aliyefiwa na mkewe. Alikuja na shangazi yake, Bi Sanobar, akatununulia sote aiskrimu. Yeye na Mavluda wakatembea kivulini, mahali tunapoweza kuwaona bila kuwasikia, sisi tukakaa kwenye benchi kando ya mfereji. Mzee mmoja wa wale wacheza sataranji akanipigia kelele, "Bibi, anayechumbiwa leo ni nani, wewe au yule wa bluu?" Nikamwambia amwangalie farasi wake kwanza, anataka kuliwa. Wenzake wakamcheka mpaka akavua kofia.

Bi Sanobar akaanza maswali: upishi, ushonaji, afya. Kisha akashusha sauti. "Na yule mume wa kwanza, alikuwa mtu wa namna gani? Mlevi? Mpigaji?" Alinidhania mimi ndiye mama mzazi, na mimi sikuwa nimemsahihisha. Ningeweza kusema sikumjua sana. Nikamwambia hakuwa mlevi wala hakuinua mkono. Alikuwa mtu wa kuahidi na kusahau, na hilo nalijua kwa kuwa nilimzaa mimi.

Aligeuka mwili mzima, aiskrimu ikamdondokea kwenye sketi. "Subhanallah! Kumbe wewe ni mama wa mume?" Akanyanyuka, akachukua mkoba wake. Nikajua yamekwisha. Akaniuliza binti ana kasoro gani hata nataka kumtoa nyumbani. Nikamwambia ningekuwa na mtoto mwingine wa kiume, Mavluda asingefika kwenye benchi hili.

Alinitazama, akaketi tena, akaanza kufuta sketi. Akasema amezunguka na posa tangu ujana, na mama mkwe anayemsema vibaya mkwe wake hamsikilizi kamwe, maana wote ndivyo walivyo. "Lakini anayemsifu sijapata kumwona. Sasa nitafute shahidi gani tena?"

Njiani tukirudi nilimuuliza Mavluda amemwonaje. Alisema Ergash anakusikiliza mpaka umalize. Kisha, mbele kidogo, akasema, "Waambie waje, Mama." Wanakuja Alhamisi kuumega mkate wa uchumba.

Sasa nifikie neno lililonifanya nishike kalamu. Ule mkate uliouoka kwa mikono yako, ambao Shuhrat aliung'ata siku ya kuondoka, tukautundika ukutani umngoje arudi aumalize: jioni hii nimeushusha. Miaka yote hii Mavluda ameufuta vumbi, na alama ya meno ya mtu huyo iko mbele ya macho yake. Sikuweza kuwakaribisha wageni wa Alhamisi chini yake. Kuutupa haiwezekani, mkate ni mkate. Nimeuvunja kwenye kinu, nikauloweka kwenye chai, nikaula wote, hata kipande chenye meno. Sikumwita Mavluda. Ule ulikuwa wa mama kuula.

Shuhrat akirudi ni mwanangu, na mlango uko wazi. Atakula mkate wa siku hiyo, kama mgeni mwingine yeyote.

Nakuomba, Dada, utuokee mkate wa Alhamisi. Ukikataa nitauoka mimi, utaungua pembeni kama kawaida yangu, na utamegwa hivyo hivyo. Lakini ningependa utoke mikononi mwako.

Msalimie shemeji na wote wa nyumbani, uwabusu wajukuu.

Mdogo wako akupendaye,
Hosiyat

Jumatatu asubuhi, kabla dereva wa gari la Urgut hajaja kuichukua barua: Mavluda ameuona msumari mtupu. Ametundika hapo taulo la mikono. Mimi jana nililala saa sita kasoro dakika kumi usiku, baada ya kuimaliza barua hii.