Jicho la Pili la Samaki wa Mama

Kaka, usitie dawa yoyote kwenye tangi. Mgonjwa nimemweka kwenye ndoo, nampeleka kwa daktari wa samaki. Asubuhi nilimtumia picha ya vile vinundu vyeupe mapezini; akasema huenda ni virusi, dawa haitafua dafu, tubadilishe maji tu. Kisha akauliza, "Mmeingiza samaki mgeni?" Nikajibu hapana, halafu nikamtazama vizuri mgonjwa wetu. Samaki wa Mama ana jicho moja. Huyu ana mawili! Mama kasafiri mwezi mzima, na mlishaji ni wewe. ~~Labda limeota.~~ Macho hayaoti kama nywele, bingwa. Yule wa kwanza yuko wapi? Mama anafika saa kumi. Mwambie mwenyewe, maana karatasi hii naiacha hapa hapa mezani.

Mdogo wako, mpelelezi