Sahani Tano za Duka la Sonara

Shikamoo Mama,

Nimeshinda! Ungekuwepo ungepiga vigelegele mpaka kijiji cha mbali cha Ibadakuli wakusikie.

Arobaini yako ilipokwisha, ukoo uliketi kugawa vitu vyako. Zilipofikiwa zile sahani sita ulizonunua moja moja kwa yule sonara wa mjini uliyemfagilia duka miaka yote, mdogo wako, Mjomba Masanja, akadakia. Unamjua, machimbo ya Bulyanhulu yamemharibu, kila king'aacho anakiona dhahabu ya kukamatisha kwa zebaki. "Huo mstari wa ukingoni ni dhahabu, naukwangua." Nikakataa. Akachukua moja akaikwangua palepale kwa kisu. Mama, alichopata hata chawa asingeshiba! Nililia kwa hasira. Bado akang'ang'ania zile tano, eti zikiwa nyingi zitatoa kitu. Wazee wakanipa wiki moja nioneshe kwamba zina thamani zikiwa nzima, la sivyo azichukue.

Nikamtafuta mama mmoja wa Mwanza anayekusanya vyombo vya zamani. Akaja, akaziangalia juu juu, akasema ni sahani za kawaida, akataja bei ya kuku. Mjomba akacheka. Hapo nikasikia sauti yako: "Sahani haisomwi usoni. Geuza!" Nikageuza. Nikamwonesha muhuri wa sonara, na chini yake alama ya kiwanda, vyote havijafutika. Nikagonga kwa ukucha, ikalia kama kengele. Nikaiinua juani, akaona kivuli cha vidole vyangu kikipenya upande wa pili. Nikamwonesha maua, hakuna mawili yanayofanana, maana yalichorwa kwa mkono. Akavaa miwani. Kisha akasema atatoa bei ya mitamba minne.

Minne, Mama! Wazee wakaguna. Na mimi, mwanao uliyezoea kuniita mwoga, nikasimama nikawaambia: mlitaka thamani, mmeiona, sasa siuzi.

Unajua aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi? Mjomba! "Huyu ni dada yangu kabisa!" Siku hizi akialikwa harusini anageuza sahani kabla ya kupakuliwa pilau. Anatutia aibu.

Nakukumbuka mno. Asubuhi ndiyo mbaya, nikiwasha moto peke yangu, nageuka kukusalimia... basi. Lakini leo nacheka, acha nicheke.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, siku nikiolewa, sahani zako zitapanda gari kabla yangu.

Mwanao,
Kabula